TIKITI UKIISHA KUINUNUA NI YA NANI?



Tangu mashindano ya mpira ya CHAN yalipofanywa hapa Nairobi mwezi wa Agosti 2025, habari ya tikiti imekuwa ikizungumzwa katika karakana, katika stesheni, na hata ndani ya magari asubuhi tukienda kazini. Wengi wasema kwamba yafaa Serikali itunge sheria kali, ili mtu akiisha kununua tikiti asiweze kabisa kuiuza wala kumpa mwingine. Wasema hivyo kwa sababu wamechoshwa na walanguzi, na sisi pia tumechoshwa nao. Lakini sheria ya namna hiyo, ikiandikwa bila kuangaliwa vema, haitamshika mlanguzi. Itamshika mfanya kazi. Kwa sababu hiyo tumeliweka jambo hili mahali pa mbele katika toleo hili, ingawa twajua wako watakaosema kwamba kazi ya chama ni mishahara, si mpira na muziki.

Hao twawajibu kwa ufupi. Siku ya mapumziko hatukupewa bure. Ilipatikana kwa kudaiwa na vyama. Mtu akikosa kuingia uwanjani siku hiyo kwa sababu tikiti ya Shs. 500/- imegeuka kuwa ya Shs. 3,000/- mkononi mwa mtu ambaye hakufanya kazi yo yote juu yake, basi amekatwa mshahara, ila tu hakukatwa na tajiri wake.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuuza tikiti kwa faida. Mlanguzi hununua tikiti mia, si kwa kuwa ana ndugu mia, bali kwa kuwa ajua zitakwisha na watu watahangaika. La pili ni kumpa mwingine tikiti yako, ama bure, ama kwa bei ile ile uliyoitoa, kwa sababu umeugua, au umefiwa, au umeitwa zamu. Katika vinywa vya watu yote mawili huitwa "kuuza tena", na mara nyingine hata watunga sheria huyaweka katika fungu moja. Hapo ndipo ubaya unapoanzia.

Sisi wa reli yatupasa kuielewa tofauti hii kuliko watu wengine. Pasi ya kusafiri bure huandikwa jina la mfanya kazi, na akimpa jirani aitumie amekosa, wala hatulalamiki. Pasi haikununuliwa. Ni haki itokanayo na kazi, nayo ni ya mtu mwenyewe na watu wa nyumba yake waliotajwa. Tikiti ni kitu kingine. Tikiti imelipiwa. Mwenye mchezo amekwisha kupokea fedha zake zote, na kiti kimoja kitakaliwa na mtu mmoja, awe Juma au awe Otieno. Akisema kwamba Otieno asikikalie, yafaa atueleze ni hasara gani atakayoipata.

WALIOTUTANGULIA

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1922 Jimbo la New York, Marekani, lilitunga sheria kwamba mtu anayeuza tena tikiti ya thieta asizidishe zaidi ya senti 50 juu ya bei iliyoandikwa. Walanguzi wakaenda mahakamani, na mwaka 1927, katika kesi ya Tyson na Banton, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaivunja sheria hiyo, majaji watano kwa wanne. Jaji aliyeandika hukumu hiyo alikuwa Sutherland. Wanachama wafahamu kwamba ndiye huyo huyo aliyeandika hukumu ya mwaka 1923 iliyovunja sheria ya mshahara wa chini kwa wanawake wa mji wa Washington. Kwake yeye, Serikali kuweka bei ya tikiti na Serikali kuweka mshahara wa chini yalikuwa makosa ya namna moja, yaani kuingilia mapatano ya watu. Kwa hiyo anayesema kwamba habari ya tikiti haihusu vyama vya wafanya kazi, na aangalie ni nani waliokuwa upande ule.

Baadaye mahakama zile zilibadili mawazo. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu iliiacha isimame sheria ya New York iliyokataza kuzidisha zaidi ya dola moja na nusu. Lakini mwaka 2007 New York yenyewe ikaondoa mpaka huo wa bei, ikisema soko litajitengeneza. Soko likajitengeneza kweli, kwa manufaa ya mwenye kompyuta. Wakatokea watu wenye mitambo ya kununua tikiti mamia kwa dakika chache, kabla mtu wa kawaida hajamaliza kuandika jina lake. Marekani ikatunga sheria ya kuizuia mitambo hiyo mwaka 2016. Ilikuwa mpaka 2021 ndipo walanguzi wa kwanza, watu wa New York, waliposhtakiwa kwa sheria hiyo. Hukumu yao ilikuwa zaidi ya dola milioni 31, lakini kwa kuwa hawakuweza kulipa zote, wakaambiwa walipe kama milioni 3.7. Sheria iliyokaa kabatini zaidi ya miaka minne bila kumshika mtu haikumsaidia aliyekosa kiti.

Uingereza ilipita njia nyingine. Tarehe 15 Aprili 1989 kulitokea msiba wa uwanja wa Hillsborough katika mji wa Sheffield, ambapo watu 97 walikufa kwa kusongamana. Jaji Taylor, aliyewekwa kuchunguza, alizungumza pia habari ya walanguzi wa tikiti za mpira, na mwaka 1994 Bunge likatunga sheria. (Ijulikane kwamba mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliamua kuwa mashabiki hawakuwa na lawama katika vifo vile. Lawama ilikuwa ya wenye kusimamia.) Sheria hiyo ya 1994, kifungu cha 166, haiangalii bei hata kidogo. Yasema tu kwamba asiye na idhini ya maandishi asiuze tikiti ya mchezo wa mpira. Kwa hiyo fundi wa Manchester aliyeitwa kazini siku ya mchezo, akamwuzia mwenzake wa karakana tikiti kwa bei ile ile aliyonunulia, amefanya kosa la jinai sawa na yule anayesimama langoni na tikiti hamsini mfukoni. Na katika miaka hiyo hiyo mtu alikuwa na ruhusa kuuza tikiti ya muziki kwa bei mara kumi, maadamu si ya mpira. Sheria ya 2015 ilimlazimisha tu ataje namba ya kiti na bei ya kwanza. Ni mwezi wa Novemba 2025 ndipo Serikali yao ilipotangaza kwamba yataka kukataza kabisa kuuza tikiti za muziki, thieta na michezo kupita bei ya kwanza.

Tazameni basi jinsi miaka zaidi ya thelathini ilivyopita. Fundi alikatazwa kumwuzia rafiki yake kwa haki, na mlanguzi wa muziki akaachwa ajenge nyumba.

ZAMU

Twaitaja sana habari ya zamu kwa sababu ndiyo inayotuuma. Karani wa ofisi ajua Jumamosi yake tangu Januari. Mtu wa injini, mtu wa njia, mtu wa ishara, na wenzetu wa bandari na wa hospitali, hawajui. Ndugu mmoja, hatutamtaja, alinunua tikiti mbili za mchezo mmoja kwa simu yake, moja yake na moja ya mwanawe. Siku yenyewe behewa likatoka njiani naye akaitwa. Mkewe alikuwa tayari kumpeleka mtoto. Waliouza tikiti wakasema jina haliwezi kubadilishwa, na fedha hazirudishwi. Viti viwili vikakaa vitupu, na fedha zimekwisha liwa. Hatuwezi kusema kwamba mlanguzi ye yote alizuiwa siku hiyo.

Wale wanaotaka tikiti ifungwe kwa jina na kitambulisho husema ni kwa usalama. Neno hili si la kudharauliwa. Mwezi wa Oktoba 2010 watu saba walikufa katika msongamano kwenye Uwanja wa Nyayo, siku ya Gor Mahia na A.F.C. Leopards, na wengine wetu twakumbuka tulivyotafutana kwa simu usiku ule. Lakini na tufanye hesabu kama watu wa reli. Chukueni uwanja wa watu 60,000, kama ule uliopangwa kujengwa karibu na Barabara ya Ngong. Tuseme una milango 40. Kama mlinzi atamwomba kila mtu kitambulisho, akisome, akilinganishe na jina lililo katika simu, yote hayo kwa sekunde kumi tu, basi mlango mmoja utapitisha watu 1,500 kwa sekunde 15,000. Hayo ni masaa manne na dakika kumi, pasipo mtu kubishana, pasipo simu kuzima. Watu hawatangoja masaa manne. Watasukuma. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya usalama italeta msongamano ule ule, na atakayeshtakiwa ni mlinzi wa langoni, ambaye naye ni mfanya kazi mwenzetu, tena wa mshahara mdogo sana.

Usalama hutaka hesabu ya watu iwe sawa na hesabu ya viti, na tikiti moja isiingize watu wawili. Mashine ya kusoma alama ya tikiti yatosha kwa kazi hiyo. Haina haja ya kujua kama aliyeishika ndiye aliyeinunua.

MLANGUZI MKUBWA

Na hapa twaja kwenye jambo ambalo twaomba lisomwe polepole. Mara nyingi anayepiga kelele zaidi kwamba tikiti isihamishwe ni mwenye kuuza tikiti mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu akikuzuia kumpa rafiki yako mkononi, itakubidi upite dukani kwake, na dukani kwake kuna ushuru.

Kombe la Dunia la 2026 ni mfano ulio wazi. FIFA iliweka soko lake yenyewe la kuuza tena tikiti. Katika soko hilo ilikata 15 katika kila 100 kwa muuzaji, na 15 nyingine kwa mnunuzi. Basi tikiti ikiuzwa kwa dola 100, mnunuzi alitoa 115, muuzaji akapata 85, na FIFA ikabaki na 30 juu ya kiti ilichokwisha kukiuza mara ya kwanza. Na muuzaji hakuwekewa mpaka wa bei Marekani. Huko Mexico mpaka uliwekwa, tikiti zibadilishane kwa bei yake ya asili. Mlanguzi wa barabarani akifanya hivyo huitwa mwizi. Wakubwa wakifanya hivyo huitwa huduma.

Vivyo hivyo katika muziki. Kampuni ya Ticketmaster, ambayo tangu 2010 ni kitu kimoja na Live Nation, wenye kuandaa muziki na wenye majumba mengi, ilileta mwaka 2019 tikiti ya simu ambayo alama yake hubadilika kila baada ya sekunde chache. Picha ya tikiti haifai kitu. Ukitaka kumpa mwingine, lazima upitie katika programu yao. Ilisemwa ni kwa kuzuia matapeli, na kweli matapeli wako. Lakini Septemba 2025 Serikali ya Marekani pamoja na majimbo saba iliishtaki kampuni hiyo, ikidai kwamba iliwaacha walanguzi wapite mpaka wa hesabu ya tikiti makusudi, kwa kuwa ilipata faida mara ya kwanza zikinunuliwa na tena zikiuzwa upya. Hayo ni madai. Lakini sababu ya kudai yaonekana na kila mtu, kwa kuwa mwenye kulinda mlango akipata fungu katika kila tikiti inayolanguliwa, hatafunga mlango.

Jimbo la New York, ambalo tumelilaumu hapo juu, lilifanya jambo moja la busara mwaka 2010. Lilisema kwamba mwenye mchezo akitaka kuuza tikiti isiyohamishika, ni lazima ampe mnunuzi nafasi ya kuchagua tikiti nyingine anayoweza kumpa mtu pasipo kuomba ruhusa kwake. Hivyo wana sheria ya kulinda kuhamisha, wakati wengine wana sheria ya kuzuia kuhamisha. Wametambua kwamba tikiti iliyolipiwa ni mali.

WALIOANDIKA VIZURI

Si kwamba haiwezekani kumshika mlanguzi bila kumwumiza mfanya kazi. Ireland ilitunga sheria yake mwaka 2021. Inahusu mahali panapochukua watu 1,000 au zaidi, nayo yakataza jambo moja: kuuza kupita bei ya kwanza. Ukiuza kwa bei uliyonunulia au chini yake, huna kosa. Vyama vya kusaidia maskini na vilabu vya michezo visivyo vya kulipwa vimeachiwa nafasi, wapate kuuza tikiti kwa bei ya juu ili kuchanga fedha. Lakini mlanguzi aweza kufungwa miaka miwili au kutozwa mpaka yuro 100,000. Twapenda jinsi ilivyokuwa fupi na wazi. Mtu aliyesoma kama sisi aweza kuielewa bila wakili.

Japani nayo iliandika sheria mwishoni mwa 2018, ikaanza kazi tarehe 14 Juni 2019. Humfunga mtu mwaka mmoja, au kumtoza yeni milioni moja, au yote mawili, akifanya biashara ya kuuza tikiti kupita bei. Neno ni "biashara": aliyefanya mara moja kwa shida hatajwi. Tena sheria hiyo huwataka waandaaji wajitahidi kuweka njia halali ya mtu kuuza tikiti asiyoweza kuitumia. Haki na wajibu vimekwenda pamoja.

Tulikuwa tunasema habari ya reli. Hapa kwetu msafiri wa Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017, hukata tikiti kwa namba ya kitambulisho chake, na kila aliyepigania kiti cha kwenda Mombasa mwezi wa Disemba aijua sababu. Reli ya India ina tikiti za majina pia, na sheria yake ya 1989 ni kali kwa walanguzi: kifungo mpaka miaka mitatu, au faini mpaka rupia 10,000. Lakini imeacha mlango. Mwenye tikiti iliyothibitishwa, akiona hataweza kusafiri, huandika barua kwa mkuu wa stesheni masaa 24 kabla gari halijaondoka, na tikiti huhamishiwa kwa baba, mama, kaka, dada, mwana, binti, mume au mke. Kuna nafasi pia kwa mtumishi wa Serikali aliye safarini kwa kazi, kwa wanafunzi, na kwa watu wa arusi. Nchi ile ina wasafiri wengi mno kupita sisi, na kwa kalamu na karatasi waliweza. Nani ataamini kwamba uwanja mmoja wa Nairobi, pamoja na kompyuta zake zote, hauwezi kubadilisha jina?

Tena kuna Brazil. Hao wameona jambo ambalo wengine hawataki kuliona. Sheria yao humfunga mwaka mmoja mpaka miwili anayeuza tikiti ya mchezo kupita bei yake. Lakini anayetoa tikiti kwa mlango wa nyuma ili ziende kwa walanguzi hufungwa miaka miwili mpaka minne, na adhabu huongezwa kama yeye ni mtumishi wa Serikali au kiongozi wa chama cha michezo. Maana tikiti mia mbili hazifiki mkononi mwa kijana wa barabarani kwa upepo. Kuna mtu aliyezitoa ofisini. Hapa kwetu katika mchezo wa Kenya na Zambia wa Agosti 2025, baada ya CAF kupunguza watu wa Kasarani na kuagiza tikiti za kompyuta peke yake, magazeti yaliandika kwamba tikiti zimekwisha zote, na bado watu waliona safu nzima za viti vitupu. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, mengine ya kuchekesha. Sisi twauliza tu kama palikuwa na sheria ya kumlazimisha mwenye daftari afungue daftari.

TWATAKA NINI

Mwaka 2023 CAF iliwapa Kenya, Uganda na Tanzania kazi ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Nchi zinazopewa mashindano makubwa mara nyingi huombwa kutunga sheria za tikiti, nazo hutungwa haraka, kwa maneno yaliyoletwa na wenye mashindano. Waingereza walifanya hivyo mwaka 2006 kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya London ya 2012, na kabla ya michezo wakapandisha faini kutoka pauni 5,000 mpaka 20,000. Hatusemi faini haifai. Twasema isije ikawa sheria yetu imeandikwa yote na upande mmoja.

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yatambua haki za mnunuzi, na tuna Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya 2012. Msingi uko. Linalotakiwa ni mpaka wa bei, yaani tikiti isiuzwe tena kupita bei iliyoandikwa, pamoja na ada halisi iliyolipwa, wala si zaidi. Mpaka huo umfunge mwenye mchezo na wakala wake pia kama unavyomfunga kijana wa barabarani, na soko la mwenye mchezo lisiwe na ruhusa ya kukata fungu kwa pande mbili. Kuhamisha tikiti bure, au kwa bei yake, kusiwe kosa kamwe, na kama tikiti ina jina, jina libadilishwe bila malipo mpaka siku ya mchezo. Maana zamu haibadilishwi masaa 24 mbele. Hapo hata Wahindi hatuwafuati. Na mwenye kutoa tikiti kwa mlango wa nyuma apate adhabu kubwa kuliko anayeziuza.

Kuna jambo dogo ambalo halimo katika sheria ya nchi yo yote tuliyoitaja, lakini kwetu ni kubwa. Tikiti zikianza kuuzwa tarehe 12 na zikaisha tarehe 14, nani amenunua? Si mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Sisi mara nyingi tunakuwa wanunuzi wa pili, si kwa kupenda, bali kwa sababu tarehe 12 hatuna kitu. Waandaaji waweke fungu la viti vya kuuzwa baada ya siku ya mishahara, kwa fedha taslimu pia, kwa ajili ya wasio na simu kubwa. Madirisha ya tikiti yako katika stesheni zetu, na makarani wajua kuhesabu.

Lazima pia tuangalie nyumba yetu. Matawi yetu hununua tikiti nyingi kwa pamoja kwa ajili ya wanachama, na kamati za starehe huuza tikiti za densi ili kusaidia wajane. Chini ya sheria kama ile ya Uingereza ya 1994, katibu wa tawi anayewauzia wanachama tikiti thelathini za mpira kwa bei ile ile angekuwa mhalifu. Kwa hiyo twataka vyama vya wafanya kazi, vya ushirika na vya kanisa vitajwe kwa jina katika sheria, kama Ireland ilivyofanya kwa vyama vyake. Lakini katibu atakayeongeza hata shilingi hamsini zikaingia mfukoni mwake, huyo asitazamie chama kimtetee.

Kifungu cha 118 cha Katiba chalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Nafasi hiyo hutangazwa katika magazeti kwa siku chache, kisha hufungwa, na wenye makampuni huwa wamekwisha kupeleka karatasi zao zilizopigwa chapa vizuri. Kwa hiyo makatibu wote wa matawi waombwa walisome jambo hili katika mkutano wa mwezi ujao, na kutuletea kwa maandishi hesabu ya wanachama waliopoteza tikiti kwa sababu ya kuitwa kazini, wakitaja tarehe, zamu, na bei iliyolipwa. Majina si lazima kama mtu hapendi. Barua yetu itakayokwenda Bungeni yataka hesabu, na hesabu hizo ziko kwenu, hazimo hapa ofisini.